Hesabu ya Saa Kumi

3 Februari

Mpwa wangu, mama yangu mwenyewe,

Pokea salamu za mtu mzima, zile zinazotanguliwa na kikohozi. Huku sote tunapumua. Mkaza mjomba wako hajambo, ila tangu Jumapili hasemi nami kwa sababu ya kiti kilichovunjika nikiwa nimekikalia. Anadai kilikuwa cha wageni, kama vile mimi si mgeni katika nyumba ile kwa jinsi ninavyotendewa. Bibi yako mzima, anasikia anachotaka kusikia. Mama yako ndiye mgonjwa wetu. Tangu apate habari kwamba umepewa gereza zima uliongoze, hali, halali. Anasema alikusomesha utoke kwenye shida, na wewe umekwenda kukaa nazo chini ya ufunguo mmoja.

Mwache. Mimi nimejaa fahari hadi vifungo vya shati vinalia. Mkuu wa gereza! Miaka ishirini na tisa! Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa nalinda bustani ya kabichi ya mkuu wetu, na ninakuapia, hakuna kabichi hata moja iliyotoroka.

Sasa nisikilize, maana huko chuoni mmefundishwa na watu ambao jela wameiona kwenye picha. Mimi nina miaka ishirini na sita kazini. Sajini wa lango. Wafungwa wananiita Simba wa Lango, na hilo jina sikujipa, au nililipendekeza tu. Mwaka ule wa fujo kubwa, watu mia nne walipanda juu ya paa wakaanza kubandua mabati. Wakuu wote walijificha ofisini. Nikatoka peke yangu, kikombe cha chai mkononi, nikapiga chafya. Chafya moja tu. Walishuka kwa foleni, na wa mwisho akarudi juu kuomba misumari ili apigilie bati lake.

Kwa hiyo shika hili: mwezi wa kwanza usicheke. Hata ukitekenywa. Tembea polepole kama mtu mwenye nyumba. Ukiulizwa jambo usilolijua, tazama saa yako. Mfungwa akishaona unaitazama saa, anajua kuna kitu kinakuja.

Ukikwama, andika. Simu ya ofisi ni ya kazi, tena inakata maneno, barua haikati.

Mjomba wako,
Simba wa Lango


21 Februari

Shikamoo mjomba,

Nimefika salama na mimi ni mzima. Nyumba niliyopewa ina madirisha matatu, na moja kati ya hayo linafunguka. Mwambie mama kuwa nakula, nalala, na hakuna mtu aliyenikaba. Mpe pole mkaza mjomba kwa kiti.

Mjomba, nimekwama mapema kuliko nilivyodhani.

Unajua hesabu ya saa kumi. Hapa pia, kila alasiri wafungwa huchuchumaa uani, safu za watano watano, wakahesabiwa, ndipo wakapata chakula na kufungiwa. Hesabu isipotimia hakuna anayekula. Nina wafungwa mia mbili na kumi na wawili. Nilipohesabu siku ya kwanza nilipata mia mbili na tisa. Nikarudia: mia mbili na kumi na watano. Huyu anahama safu, yule anainama kufunga kamba ya kiatu na viatu vyenyewe havina kamba. Tulikaa uani hadi chakula kikapoa.

Ndipo akainuka mtu mmoja mpana kama kabati. Huyo ndiye nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake. Wanamwita Mheshimiwa. Akasema, bila kupaza sauti, "Jamani, mkuu wetu amechoka." Watu wakatulia kama maji ya mtungini. Akahesabu yeye, ikatimia, akanigeukia: "Mia mbili na kumi na wawili, binti yangu. Waruhusu wakale."

Binti yangu! Mbele ya gereza zima!

Nimeambiwa mkuu aliyenitangulia alikuwa na maumivu ya magoti, akamwachia Mheshimiwa hesabu. Ukimwachia hesabu umemwachia chakula, na ukimwachia chakula umemwachia kila kitu. Yeye ndiye anayeamua nani analala karibu na dirisha na nani analala karibu na ndoo. Kuna mzee mwenye kikohozi ambaye hajapata blanketi tangu mvua za mwaka jana, kwa sababu hakumchekea Mheshimiwa.

Msaidizi wangu, ambaye askari wenzake wanamwita Nyundo, anasema nimpe wiki moja na kirungu atayamaliza. Sitaki. Lakini mkaguzi wa ofisi kuu anakuja mwisho wa Juni. Akikuta gereza linaongozwa na mfungwa, nitaondolewa, na kiti hiki atapewa Nyundo. Mjomba, nimewaona wanavyojikunja akipita.

Wewe unahesabu watu mia nne kila siku. Unafanyaje?

Mpwa wako


6 Machi

Mpwa wangu,

Nakusalimu nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti kipya kimeletwa na nimekatazwa kukisogelea. Bibi yako amesema ukirudi umletee miwani, ya aina yoyote. Mama yako nimemtuliza. Nimemwambia huko mambo ni laini kama sufi na wafungwa wanakuimbia. Usiniangushe, ukiandika kwake taja nyimbo.

Binti yangu! Nimeisoma sehemu hiyo nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Angesema hivyo kwangu, ningemtazama. Sina la zaidi. Kuna mfungwa mmoja alitoroka, akafika mbali, amepanda gari, amekaa dirishani, kumbe mimi niko sokoni nanunua viazi. Nikamtazama gari likipita. Alishuka kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu, akanibebea na viazi.

Umeniuliza ninahesabuje. Swali zuri sana. Mimi, mpwa wangu, nanusa. Watu mia nne wana harufu yao, na akipungua mmoja harufu inapungua kidogo upande wa kushoto. Hili halifundishiki, ni kipaji. Babu yako alikuwa anajua mvua ya kesho kwa kisigino.

Kwako wewe dawa ni urefu. Wewe mfupi, umechukua kwa upande wa baba yako, sisi hatumo. Tafuta pipa, lipindue, simama juu yake. Ukiwa juu unaona vichwa vyote, na vichwa haviwezi kudanganya. Kisha toa sauti ya tumboni, siyo ya kooni. Sauti yangu ya tumboni iliwahi kumwamsha mtu aliyekuwa ameshaoshwa kwa maziko. Aliishi miaka minane zaidi na hakunishukuru.

Pipa na sauti. Utaniambia.

Simba wa Lango


29 Machi

Shikamoo mjomba,

Nimemwandikia mama kuhusu nyimbo, Mungu anisamehe. Miwani ya bibi nitaitafuta. Mimi ni mzima isipokuwa kiwiko.

Pipa lilikuwepo, la maji ya kufulia. Nililipindua, nikapanda, nikavuta pumzi ya tumboni kama ulivyoagiza. Nikasema "Safu ya kwanza!" na sauti ikatoka nzuri, mjomba, hata mimi niliiogopa. Kilichofuata ni kwamba kitako cha pipa kilikuwa kimeliwa na kutu. Nilizama hadi kwapani. Nikabaki nimesimama ndani ya pipa, kofia puani, watu mia mbili na kumi na wawili wakinitazama. Au mia mbili na kumi na watatu, sijui, maana hata hapo sikuwa nimewahesabu.

Hakuna aliyecheka. Unajua kwa nini? Kwa sababu Mheshimiwa aliinua kidole. Wote waliziba midomo, mabega yakitikisika. Akaja mwenyewe, akanitoa kama mtu anavyotoa mwiko chunguni, akanipangusa kutu begani, akasema, "Pole. Mambo haya yana wenyewe." Kisha akahesabu.

Afadhali wangecheka. Hata kicheko sasa wanaomba ruhusa kwake.

Nyundo alikuwa pembeni analiza vidole. "Wiki moja, afande," ananiambia. "Wiki moja tu." Juzi alimpiga teke yule mzee wa kikohozi kwa kuchelewa kusimama. Nimemwandikia onyo. Amelisoma, amelikunja vizuri, amelitia mfukoni kama tiketi.

Mjomba, nakuuliza tena, na safari hii usinijibu kwa pua. Unahesabuje?

Mpwa wako


10 Aprili

Mpwa wangu,

Wote wazima, nina haraka, kuna gari la posta linaondoka.

Pipa lile ulichagua wewe, mimi nilisema pipa, sikusema bovu.

Sasa dawa ni moja. Mtenge huyo Mheshimiwa. Mfungie peke yake wiki nzima. Mwili ukikosa kichwa unakaa chini. Mimi niliwafungia manyapara saba kwa siku moja, wa nane akaja mwenyewe na godoro lake.

Kuhusu hesabu, nitakuandikia vizuri nikipata wino mweusi. Huu wa buluu haufai kwa mambo hayo.

Mjomba wako


12 Mei

Shikamoo mjomba,

Natumaini wino mweusi umepatikana, kwa kuwa ni mwezi umepita. Wasalimu wote. Mimi sijambo, nimepungua kidogo, usimwambie mama.

Nilimtenga Mheshimiwa. Ulisema mwili ukikosa kichwa utakaa chini, na kweli ulikaa. Saa kumi ilipofika watu wote waliketi uani wakagoma kuchuchumaa, kugoma kula, kugoma kuingia ndani. Hawakutukana wala kutupa jiwe. Walikaa tu wakinitazama kwa huruma. Nyundo alikwisha kuwapanga askari na virungu. Ilibaki mimi kusema neno. Sikulisema. Nilikwenda nikamfungulia Mheshimiwa, akatoka anajinyoosha kama mtu aliyelala vizuri, akasema, "Tule jamani," wakala. Alinishukuru kwa mapumziko.

Usiku ule niliandika barua ya kuomba kuacha kazi. Bado ninayo mezani.

Lakini Jumatatu wameletwa wafungwa sita kutoka kwenye gereza lako, kujaza nafasi za sita waliomaliza vifungo. Mmoja ni mzee mwembamba anayeitwa Fundi Saa. Alipoona saa ya ofisini imesimama aliomba aitazame, na wakati anaifungua nikamuuliza kama anamfahamu sajini mmoja wa lango, mrefu, mwenye goti bovu.

"Simba wa Lango?" akasema. "Nani asiyemfahamu? Huyo ndiye aliyenipa pole mama yangu alipofariki, hata kasisi hakukumbuka."

Nikamuuliza, "Ni kweli anahesabu watu kwa kunusa?"

Akacheka hadi skrubu ikamdondoka. "Kunusa? Yule hahesabu kabisa, afande! Anatuita. Kila siku, mtu mmoja mmoja, jina lako na la baba yako. Wewe unaitika, anakuuliza neno moja: jino vipi, mtoto kaandika, rufaa imefika wapi. Kisha unapita kwenda kula. Daftari analo lakini hafungui. Watu mia nne, kichwani."

"Na asiyeitika?"

"Asiyeitika anabaki na njaa yake mwenyewe, wengine wameshakula. Kwa nini ajifiche? Tena ni aibu, mtu anakuita jina ulilopewa na wazazi, unyamaze?"

"Na nyapara wenu?"

"Yupo. Anagawa mifagio."

Mjomba, mimi nimetumbukia kwenye pipa. Nimekaribia kuwapiga watu wenye njaa. Na dawa ulikuwa nayo mfukoni tangu Februari. Kwa nini ulinificha?

Nimeshaanza kujifunza majina. Nimefika hamsini. Lakini nataka jibu.

Mpwa wako


4 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi wazima. Goti limerudi.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Mkaza mjomba wako aliponiuliza ni ya nani nikasema ni tangazo la mbegu. Ni siku kumi na nane sasa. Anataka kujua ni mbegu gani hizo zinazonifanya nikose hamu ya kula.

Shule niliiacha darasa la tatu, tulipofika kwenye hesabu za kugawanya. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba hadi sitini niko imara kama nguzo. Kuanzia sitini namba zinaanza kutelezeana. Nikifika tisini, mtu mmoja akikohoa, nimekwisha, sijui nilikuwa wapi wala naitwa nani.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa na wafungwa mia moja na thelathini na mmoja. Kundi lilikuwa limetoka kukata kuni, mvua ikawarudisha mbio. Zamu ya kuhesabu ilikuwa yangu. Nikapata mia moja na thelathini na mmoja, barabara kabisa, nikatia sahihi, lango likafungwa. Nilifurahi hadi nikapiga mluzi. Baada ya nusu saa, lango likagongwa. Nikachungulia kwenye tundu. Mtu amevaa sare ya jela, mzigo wa kuni kichwani, maji yanamchuruzika.

"Fungua, afande, nimechelewa."

"Wewe nani?"

"Mfungwa wako."

"Wafungwa wangu wote wamo ndani."

"Mimi simo, afande. Si unaniona niko nje?"

"Hesabu imetimia. Kama wewe ni mfungwa basi ni wa gereza jingine. Nenda kwenu."

"Kwetu ndiyo hapa!"

Nikafunga tundu. Mpwa wangu, mtu analia afungwe, nami namfukuza! Ningefungua, hesabu yangu ingekuwa mbovu, na wangejua. Aligonga hadi mkono ukachoka. Asubuhi tulimkuta ameketi juu ya kuni zake pale pale. Hakwenda popote. Alikuwa na miezi miwili tu ya kumaliza na hakutaka kuiharibu. Alilala hospitali wiki tano, kifua. Alipona, usiogope. Hadi leo sijui ni nani nilimhesabu mara mbili.

Wenzangu walicheka mwaka mzima. Mimi hilo halikunichoma. Kilichonichoma ni kwamba pale langoni alinitajia jina lake mara tatu, na jina lake halikunisaidia kitu. Namba yake ningeijua. Jina sikulijua.

Basi nikachukua daftari nikaanza. Kumi kila wiki. Na maneno yale ya jino na mtoto niliyaongeza kwa sababu yalinisaidia kukumbuka, siyo kwa wema, watu wasinizulie. Halafu nikaona wanatulia. Halafu nikaona nikiwaambia jambo wanalifanya, hata nikilisema kwa sauti ndogo. Mimi mwenyewe nilishangaa.

Ulitaka niyaandike hayo Februari? Nimwambie mpwa wangu mwenye shahada kwamba mjomba wake anaishia sitini? Wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu anayeniamini ninapozungumza. Nilitaka ibaki hivyo.

Usimwambie mama yako. Usimwambie mkaza mjomba wako. Ile barua ya kuacha kazi ichane. Hamsini ni wengi, waliobaki wakikushinda anza na ndugu, wale waliofungwa wawili wawili, hurahisisha.

Chafya ile ya paa, hata hivyo, ni ya kweli.

Mjomba wako


2 Julai

Shikamoo mjomba,

Salamu nyingi kwa wote. Miwani ya bibi nimepata, ina vioo vikubwa, atafurahi. Mimi ni mzima kabisa. Barua yako niliipokea Juni kumi na tano, nikaisoma nimekaa kitandani, nikacheka, kisha nikairudia tangu mwanzo. Bado nakuamini unapozungumza, mjomba. Sasa najua tu nisikilize upande gani.

Mkaguzi alikuja tarehe ishirini na sita.

Kufikia hapo nilikuwa na majina yote. Wiki ya kwanza kuita kulichukua saa mbili na nusu na kulikuwa na vurugu. Nilimwita mtu mmoja kwa jina la mkewe. Lakini ilikuwa kama alivyosema Fundi Saa. Anayeitika anapita anakula. Siku mbili za mwanzo wapambe wa Mheshimiwa walikataa kuitika, wakalala na njaa peke yao huku wenzao wamejaa shibe. Siku ya tatu waliitika kabla sijamaliza kutaja. Kisha nikagawa mablanketi kwa majina, na nafasi za dirishani nikawapa wagonjwa, yule mzee wa kikohozi akiwa wa kwanza. Nikawaeleza kwa nini. Walinung'unika, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini mara ya pili.

Mheshimiwa mwenyewe nilimwacha wa mwisho. Miaka tisa hakuna mtu humu aliyemwita kwa jina lake. Nilipolitaja, na la baba yake, aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine. Nikamuuliza kama binti yake amejifungua, maana niliona kwenye faili. Akasema, "Sijui, afande. Hawaniandikii." Nikamwambia nitauliza. Nimeuliza: mjukuu ni wa kiume.

Sasa mkaguzi. Mtu wa kalamu mbili mfukoni na saa kubwa. Nyundo alimpokea langoni na kutembea naye akimnong'oneza njia nzima. Saa kumi nikaanza kuita. Nilipofika safu ya nane mkaguzi akapiga saa yake kidole: "Tutakesha hapa? Nitahesabu mwenyewe. Haya, simameni!"

Mjomba, hakuna aliyesimama.

Nyundo akatabasamu. Mkaguzi akavimba kwa hasira. Akamtafuta kwa macho mtu mpana kuliko wote, maana sifa zake zilikuwa zimefika ofisini, akamwambia, "Wewe ndiye Mheshimiwa? Wainue watu wako."

Mheshimiwa alikuwa amechuchumaa safu ya kumi na saba, katikati. Akasema, "Mzee, mimi nagawa mifagio. Anayetuita ni afande."

"Mimi ndiye mkubwa wa afande wako!"

"Inawezekana, mzee. Lakini wewe hatukujui. Na wewe hutujui."

Nikajiona nafunga mizigo, na Nyundo anaingia na kirungu chake. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, hata tumbo sikulitumia: "Simameni, jamani. Mgeni wetu anataka kuwahesabu."

Walisimama wote, na waliokwisha kupita kula wakarudi kwenye safu zao na sahani mkononi. Mkaguzi akahesabu, na hakuna aliyehama wala kuinama. Mia mbili na kumi na wawili, mara ya kwanza. Akarudia kwa hasira, mia mbili na kumi na wawili. Akaomba maji ya kunywa.

Jana barua ya ofisi kuu imefika. Nimethibitishwa kazini, na nakala ya mama nimeitia humu. Nyundo amehamishiwa ghala la sare, akae na vitambaa. Mwishoni mkaguzi ameandika kwa mkono wake: "Utulivu ni mzuri kupita nilivyoona kwingine. Adabu kwa wageni iongezwe."

Mpwa wako


15 Julai

Mpwa wangu, afande mzima,

Nakusalimu nikiwa nimekaa, tena kwenye kile kiti kipya. Mkaza mjomba wako ameniruhusu leo tu, kwa heshima yako. Bibi yako anauliza vioo hivyo vikubwa vya nini, kwani nani kakwambia haoni? Mama yako amekwenda kuonyesha barua ya kuthibitishwa kwako katika kila nyumba, pamoja na nyumba moja isiyo na watu.

Si nilikuambia? Tangu siku ya kwanza nilisema haya mambo ni ya kunisikiliza mimi! Nimewaeleza wenzangu jinsi nilivyoliongoza gereza lako kwa posta. Mkuu wetu amesikiliza hadi mwisho na hakunikata hata mara moja. Alikuwa amesinzia, lakini kichwa kilikuwa kinakubali.

Barua yako niliisoma uani, wakati wa hesabu ya saa kumi. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilipofika pale pa "wewe hatukujui, na wewe hutujui," walipiga makofi hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko akidhani kuna fujo. Nikarudia sehemu hiyo mara mbili. Sehemu ya chafya niliongeza mwenyewe.

Kisha mmoja akaniuliza, "Na huyo mpwa wako anaitwa nani?" Nikawatajia, jina lako na la baba yako. Wakalirudia wote kwa pamoja, polepole, kama watu wanaojifunza. Nikajifanya kumwangalia mpishi, maana moshi wa jiko siku hiyo ulikuwa mbaya sana.

Wanakusalimu wote. Ni wangapi, hilo kaulize ofisini.

Mjomba wako